Feni ya Hita na Goti la Mama Mkwe

Nyie vijana mnaojifunza umeme wa magari, mkipita hapa kwangu Misunkumilo kunisalimia huwa mnaniuliza mambo makubwa. Kompyuta ya gari, sensa, magari ya kuwasha kwa kitufe. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kuhusu feni ya hita. Siwalaumu. Hapa Mpanda jua linatuchoma karibu mwaka mzima, nani ana haja na hita? Nilikuwa na mteja aliyeendesha gari lake miaka na miaka akiamini kile kitufe chenye alama nyekundu ni cha kuongezea injini nguvu. Kila akifika kwenye mlima anakiwasha, jasho linamtiririka, anafika juu amelowa shati, anasema, "Leo gari limevuta!"

Lakini katika kazi zote nilizofanya mpaka macho na mgongo viliponirudisha nyumbani, ile ambayo nikiikumbuka bado nainamisha kichwa, hata nikiwa peke yangu shambani, ni kazi ya feni ya hita. Na gari halikuwa la mteja. Ilikuwa Noah ya ukweni.

Nianze na kazi yenyewe, nisije nikaonekana mzee anayepiga soga tu.

Feni ile ni moja lakini ina kazi tatu. Inapuliza baridi ya AC, inapuliza joto la hita, na inapuliza hewa ya kuondoa ukungu kwenye kioo cha mbele. Ikifa, vyote vitatu vimekufa. Kwenye magari mengi ya familia iko upande wa abiria wa mbele, nyuma ya kile kidroo cha kuwekea makaratasi, chini kabisa, pale abiria anapoweka miguu. Unatoa kidroo, unachomoa plagi ya waya, unafungua skrubu. Skrubu moja siku zote imefichwa mahali ambapo lazima ulale chali, kichwa ndani ya gari na miguu nje, kama mtu aliyegongwa. Ukiimaliza hiyo, feni inashuka yenyewe mikononi mwako na vumbi lake lote linakuingia puani.

Ukishaishika, izungushe kwa kidole. Ikizunguka laini na kuendelea kidogo baada ya kuiachia, mota ni nzima, katafute ugonjwa kwenye waya, rilei au swichi. Ikigoma au ikikwaruza, mota imekauka au kuna kitu kimeiziba. Na kama inafanya kazi kwenye kasi ya mwisho tu, huko chini kimya, iangalie rizista, kale kadude kanakopunguza umeme ili feni iende polepole. Rizista inapata moto sana. Ndiyo maana wameiweka ndani ya njia ya hewa, ili upepo wa feni uipoze. Kazi yote hiyo, kwa mtu anayeijua, anamaliza na chai yake bado ina mvuke.

Sikuzaliwa nayajua hayo. Alinifundisha Fundi Nzeyimana wa Katumba, ambaye wazazi wake walitoka Burundi. Alikuwa mtu mpole. Ukikosea hapigi kelele. Anaweka bisibisi chini, anakutazama kidogo, anasema kwa lafudhi yake ya Kirundi, "Haya, tufungue tena." Tufungue, kana kwamba mmekosea wote wawili.

Nilimpa nafasi nyingi za kusema hivyo. Kuna siku nilichanganya waya za lori la mtu, ule wa taa za breki nikauunga na wa honi. Mwenye lori akaondoka hana habari. Akapita sokoni watu wamejaa, akapunguza mwendo kwa adabu zake awapishe akina mama wenye ndoo za nyanya, na kadiri anavyokanyaga breki ndivyo anavyowapigia honi. Walimtukana matusi ya nguoni. Alirudi gereji kwa miguu, lori ameliacha huko huko. Fundi Nzeyimana akaweka bisibisi chini. "Haya, tufungue tena."

Jambo moja tu alikuwa halichekei, nalo ni fyuzi. Fyuzi ikikatika, kwake huweki nyingine mpaka ujue iliyokatika imekatwa na nini. Na kuweka fyuzi kubwa kuliko ile iliyoandikwa kwenye kifuniko, alisema ni kuwasha kiberiti ndani ya nyumba ya mtu halafu unamuaga. Nilimwitikia "ndiyo, fundi" kila aliposema. Nilipofungua gereji yangu Shanwe, na mimi nikawa nawaambia wengine maneno hayo hayo kwa sauti ile ile.

Sasa ukweni. Mimi ni Msukuma. Wazazi wangu walikuja huku na ng'ombe wao kutoka kaskazini, na familia ya mke wangu Kabula ilikuja kwa njia hiyo hiyo. Nyie wa siku hizi mnakaa na mama wakwe zenu kochi moja mnaangalia tamthilia. Sisi hatukulelewa hivyo. Mama mkwe humpi mkono. Huli naye. Ukimwona anakuja njiani unasogea pembeni, unamwamkia macho yako yakiwa chini. Si kwamba mna ugomvi. Ndiyo heshima yenyewe. Nilimwoa Kabula, tukazaa, watoto wakakua, na miaka yote hiyo mimi na mama yake hatukuwahi kukaribiana kuliko upana wa ua. Na yeye alikuwa hivyo hivyo. Mwanamke mrefu, mkimya, ananiita Baba Shija kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, ananiuliza habari za watoto na za mvua, basi.

Siku moja ya msimu wa mvua, jioni, ikaja simu kwamba dada mkubwa wa mama mkwe amefariki Sumbawanga, alikokuwa ameolewa. Mama yao alikufa wao wakiwa wadogo, na huyo dada ndiye aliyembeba mdogo wake mgongoni mpaka akakua. Kwa hiyo pale mama mkwe alikuwa amefiwa na dada na mama kwa pamoja. Mazishi yalipangwa kesho yake alasiri.

Asubuhi nikaenda gereji na begi langu, nasubiri wanipitie. Shemeji yangu Masanja, kaka yake Kabula, akaingia na Noah yake imejaa watu. Kabula yuko ndani, shangazi zake wako ndani, na mabunda ya vitenge na mchele wa kupeleka msibani. Masanja akatoa kichwa dirishani.

"Shemeji, feni haipulizi. Hapa chini sawa, lakini kule Ufipa, ukungu wa kule bila feni kioo hakionekani kabisa. Iangalie fasta tuondoke."

"Hiyo ndogo," nikasema.

Nikazunguka upande wa abiria, nikafungua mlango, nikakutana na miguu ya mama mkwe.

Walikuwa wamemkalisha mbele kwa sababu ya goti. Goti lake la kulia lilikuwa limevimba siku nyingi, halikunjiki, na viti vya nyuma hakuviweza. Kumpandisha pale mbele kulihitaji watu wawili. Na feni ilikuwa pale pale, nyuma ya kidroo, mbele ya magoti yake. Ili niifikie, ilibidi nilale chali sakafuni, kichwa changu miguuni mwake. Nilifunga ule mlango polepole, kama mtu aliyefungua choo akakuta kina mwenyewe.

Mama akateremsha kioo. Hakunitazama, alitazama mbele.

"Baba Shija, niteremke?"

Aliuliza mwenyewe. Alikuwa tayari. Kusema "ndiyo mama, samahani" kungetuchelewesha kidogo tu, na watu wa kumshusha walikuwepo. Lakini mimi niliona jinsi atakavyoshikwashikwa mbele yangu, atakavyokunja uso kwa maumivu, nami nimesimama pale na bisibisi nikimsubiri. Nikaona nitakavyolala pale alipotoka kukaa. Masikio yakapata moto.

"Hapana mama," nikasema, "kaa tu. Ni kitu kidogo."

Sanduku la fyuzi liko upande wa dereva, mbali na miguu ya mtu. Nikalikimbilia. Nikakuta fyuzi ya feni imekatika, nikafurahi kama niliyeokota kitu. Nikaweka mpya. Masanja akawasha, ikakatika pale pale. Nikaweka nyingine. Ikakatika. Hapo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua, kuna kitu kinaibana ile feni, lazima ishuke iangaliwe. Mimi nilijua kuliko wote. Nikainua macho, nikaona kisogo cha mama mkwe na kilemba chake cheusi. Shangazi mmoja akauliza kama tutafika kabla hawajafunika kaburi. Masanja anagonga usukani kwa vidole.

Nikaingiza mkono kwenye kopo langu la fyuzi nikatoa kubwa.

Feni ikanguruma, ikasita, halafu ikapuliza. Shangazi mmoja akaanza kigelegele, akakumbuka tunaenda msibani, akakimeza. Masanja akanipigia saluti. Nikapanda nyuma kabisa na begi langu.

"Baba Shija," mama akasema kutoka mbele, sauti ya chini, "mbona inanguruma?"

"Itazoea, mama."

Itazoea! Nimefanya kazi hii mpaka nywele zimeisha, sijaona mota inayozoea.

Ukishapita Sitalike unaingia hifadhini, na kila mtu wa huku anajua cha kufanya. Vioo vinapanda juu, hata kama mnakufa kwa joto, maana mbung'o wa pale wanaingia garini kama abiria waliokata tiketi. Tukafunga vioo. Masanja akaweka feni namba mbili ili tupate hewa. Tukaenda hivyo kwa muda, watu wanasinzia, na mimi nikaanza kujiambia labda nimebahatika.

Harufu ikaja kidogo kidogo. Ilikuwa kama ya wali ulioshika chini ya sufuria.

"Nani kabeba ukoko?" shangazi mmoja akauliza, na wengine wakacheka.

Mimi sikucheka. Niliijua ile harufu ilikuwa inatoka wapi kabla moshi haujatokea. Kisha ukatokea, kwenye matundu ya juu ya dashibodi, mweupe, mzito, na mwingine chini, kwenye miguu ya mama. Masanja akafunga breki, gari likaenda pembeni ya barabara. Mlango wa nyuma ukafunguliwa, watu wakamwagika nje, mbung'o wakawapokea. Masanja akadhani ni injini, akaruka kukimbilia boneti.

Mama mkwe akabaki ndani.

Nilizunguka nikafungua mlango wake. Alikuwa amelishika goti kwa mikono miwili, anajaribu kulinyanyua ageuke, anakohoa, na lile goti halitaki. Niliangalia nyuma. Kabula alikuwa upande wa pili wa gari anamshusha shangazi. Hapakuwa na mtu mwingine wa kumtoa ila mimi.

"Mama, nisamehe," nikasema.

Nikapitisha mkono mmoja chini ya magoti yake, mwingine mgongoni, nikambeba. Akanishika shingoni kwa nguvu. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani, mwanamke niliyekuwa nampisha njiani miaka yote kama mtu mkubwa wa ajabu. Kitenge kilipanda, goti lake lililovimba likawa wazi mbele ya macho yangu, sikujua niangalie wapi. Nikageuza uso pembeni nikajikwaa, karibu tuanguke wote. Shangazi mmoja akaziba mdomo. Kabula alipotuona akasimama kama aliyepigwa.

Nilimweka juu ya mabunda ya vitenge kando ya barabara. Kabula akaja akaanza kumfukuzia mbung'o kwa khanga, hakuniangalia. Nikarudi garini, nikachomoa betri, moshi ukapungua. Halafu nikalala chali pale sakafuni, kichwa ndani na miguu nje, mahali pale pale nilipoogopa kulala asubuhi, sasa watu wote wamesimama wananitazama, wanajipigapiga mikono na shingo kwa mbung'o.

Feni ikashuka mikononi mwangu pamoja na kiota cha panya. Gari lile Masanja alikuwa akibebea mpunga kutoka shambani, na panya walikuwa wamejijengea nyumba nzuri mle ndani kwa pumba, majani na nyuzi za gunia. Nusu ya kiota ilikuwa imejisokota kwenye feni ndiyo maana ilikuwa inanguruma. Nusu nyingine ilikuwa imeizunguka rizista, na hiyo ndiyo iliyoungua. Fyuzi ndogo ilikuwa inakatika kila mara ili jambo hilo lisitokee. Waya za feni zilikuwa zimeyeyuka zikashikana. Hapakuwa na namna ya kuzitengeneza pale.

Nikatoka nimekishika kile kiota mikononi, sijui nilitaka kukipeleka wapi.

"Shemeji," Masanja akasema, "si ulisema iko sawa?"

"Sikuifungua."

"Hukuifungua? Sasa pale gereji ulitengeneza nini?"

"Niliweka fyuzi kubwa."

Masanja anabeba mizigo tu, si fundi, lakini hata yeye alielewa. "Kwa nini hukuifungua, shemeji? Wewe? Kwa nini?"

Nilifungua mdomo, nikaona nitasema nini mbele ya mama mwenyewe? Shangazi zake Kabula walikuwa wananitazama. Wale ni watu ambao ndoani walinisifia kwamba binti yao kampata mtu mwenye kazi ya mikono.

Mama mkwe ndiye aliyejibu, kutoka pale chini alipokaa.

"Alinionea haya mimi," akasema. "Goti langu lilikuwa njiani. Pandeni, twende."

Ingekuwa nafuu wangenitukana.

Nikafunga ncha za waya kwa tepu, nikarudisha betri, injini ikawaka. Tukaendelea bila feni. Safari hii mama alibebwa na Masanja.

Hifadhini tulitota jasho. Tulipopita Kibaoni mvua ikaanza, na tulipoanza kupanda mlima wa Lyamba lya Mfipa ukungu ukatushukia wote. Nyie ambao hamjapita kule msimu wa mvua mkumbuke hili: ndani kuna watu wengi wanapumua, nje kuna baridi, kioo cha mbele kinakuwa cheupe kama kimepakwa chokaa. Bila feni huna kitu. Masanja alikuwa anafuta kwa kiganja, anapata tundu dogo, anaendesha kwa tundu hilo, linaziba. Mama mkwe akaivua khanga yake ya begani akaanza kumfutia. Anafuta upande wa dereva, anarudi upande wake, anafuta tena. Mkono wake ulikuwa haupumziki.

Nilipiga kelele kutoka nyuma wateremshe vioo kidogo vya mbele, hewa ya nje ipite, hata kama ni baridi. Nikaomba ule mche wa sabuni tuliobeba kupeleka msibani. Tukasimama, nikapaka sabuni kavu kwenye kioo kwa ndani, nyembamba, nikaifuta mpaka isionekane. Hiyo inasaidia kweli, inafanya ukungu usishike haraka, na fundi asiye na spea aijue. Lakini kwa mvua ile ilitusaidia kwa muda tu. Kwenye kona moja Masanja hakuona lori lililokuwa linashuka mpaka honi ikatupasua masikio. Alivuta usukani, tairi zikaingia kwenye majani. Lori likapita. Tulikaa pale, mvua inapiga juu ya bati la gari, na shangazi mmoja analia taratibu kwa sauti ya mtu aliyelia tangu nyumbani.

Baada ya hapo Masanja alienda kama mtu anayetembea gizani. Akisimama, anasubiri, anakwenda. Mimi nilishuka mara nyingine nikatembea mbele ya gari kwenye mvua, nikimwonyesha ukingo wa barabara kwa mkono. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Nilikuwa sitaki kukaa mle ndani.

Najua mtaniuliza feni iliishaje, kwa hiyo niwaambie kabisa. Kesho yake nilitafuta Sumbawanga mota nzima kwenye gari lililokatwa kuuzwa spea, nikabadilisha waya zote za njia ile, nikaweka rizista nyingine, nikasafisha njia ya hewa mpaka ndani kabisa kwa brashi na kitambaa, nikaweka fyuzi inayotakiwa. Ilipuliza bila sauti. Masanja akanishika mkono akasema, "Sasa hapa shemeji umefanya kazi." Tangu siku hiyo sijaweka fyuzi bila kujua ya kwanza ilikatwa na nini. Na hakuna abiria niliyemhurumia akae kwenye kiti nilichohitaji kukitoa. Mtu akiniambia ana haraka, namwambia ashuke kwanza, haraka yake tutaijadili akiwa chini. Baadhi yenu mmeniona nikiwashusha wakubwa zenu na mkadhani ni kiburi.

Tulifika msibani watu wanatoka makaburini.

Mvua ilikuwa imekatika. Wanaume walikuwa wamepanga foleni kwenye beseni la kunawia mikono, majembe yameegemezwa ukutani, udongo mwekundu bado unayadondoka. Hapakuwa na haja ya kuuliza. Mama mkwe aliyaona yale majembe kupitia kile kioo alichokuwa anakifuta. Mkono wake ukasimama. Kisha akaikunja khanga yake iliyolowa, akaiweka mapajani, akasubiri kufunguliwa mlango.

Shemeji yake wa pale, mume wa marehemu, mzee wa Kifipa, akaja mpaka garini.

"Tuliwangoja," akasema. "Tuliwangoja sana. Padri alikuwa na msiba mwingine, mvua nayo ilikuwa inarudi. Mmekwama wapi?"

Masanja akanitazama. Kabula akanitazama. Nilikuwa nimesimama nyuma ya gari na nguo zinachuruzika maji, nikasogea mbele nikiwa nimeamua kusema.

"Ukungu," mama mkwe akasema. "Huko mlimani kuna ukungu mbaya."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Ukungu wanaujua wao. Nami nikarudi nyuma ya gari.

Mama akataka apelekwe kaburini saa ile ile, kabla ya kuingia ndani, kabla ya maji ya kunywa. Njia ilikuwa ya matope na mteremko kidogo. Masanja akamshika kiwiko kimoja, mwanamke mmoja wa pale akamshika kingine, mimi nikafuata kwa mbali ninavyotakiwa. Walipofika kwenye kile kichuguu kipya cha udongo na shada la maua lililolowa, mama akataka kupiga magoti. Masanja akajaribu kumteremsha, goti likakataa, akatoa sauti ya maumivu. Wakajaribu tena. Masanja ana nguvu lakini anashika kama anayeshusha gunia.

Mama akageuka, akatutazama wote tuliosimama. Akanitazama mimi usoni. Katika miaka yote ile ilikuwa mara ya kwanza.

"Baba Shija, njoo," akasema. "Umeshanishika porini. Nishike na hapa."

Nilipita katikati ya watu. Sikuangalia uso wa mtu. Nikapiga magoti mimi kwanza kwenye matope, nikaweka mkono chini ya lile goti bovu, lilikuwa la moto kama lina homa, nikamshusha kidogo kidogo mpaka akakaa na ule mguu umenyooka pembeni. Akaegemea bega langu. Mkono wake ulikuwa umekunjamana kwa maji ya kioo, kama wa mtu aliyefua siku nzima. Akauweka juu ya udongo.

"Dada," akasema, "nimechelewa."

Nilikuwa karibu naye kiasi kwamba nasikia anavyovuta pumzi. Nilidhani atamweleza kwa nini. Nilitaka amweleze. Nilitaka kuwe na mtu mmoja, hata huyo aliyelala pale chini, aambiwe ukweli kwamba si mvua wala si ukungu, ni huyu hapa.

"Nimechelewa, dada yangu," akasema tena. "Nisamehe."

Nikamshika vizuri zaidi, maana alikuwa anaanza kulia.